Kuripoti Ustawi wa Wanyama wa Maabara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wahudumu wa nyumba za wanyama, wanafunzi wa uzamili, watafiti na wajumbe wa kamati za maadili; yaani wote wanaotakiwa kuandika au kusoma taarifa za hali ya wanyama wanaotumika katika utafiti. Majibu yanaegemea zaidi Tanzania na Kenya. Pale ambapo fedha au jarida linatoka nje, tumetaja kanuni za Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya.

Kuripoti ustawi maana yake nini hasa?

Ni kuandika hali ya mnyama kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo anaweza kuielewa na kuchukua hatua. Taarifa huanzia kwenye kadi ya kizimba na fomu ya kila siku. Kutoka hapo hutengenezwa taarifa ya tukio kwa daktari wa mifugo, taarifa ya maendeleo kwa kamati, takwimu za mwaka kwa msimamizi wa sheria, na mwishoni makala ya kisayansi. Ngazi zote za juu hula kutoka ile ya chini. Mali bila daftari huisha bila habari, na wanyama ni hivyo hivyo: kama fomu ya Jumanne haikujazwa, hakuna takwimu ya Desemba itakayoweza kusema Jumanne ile kulitokea nini.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Taarifa ya ustawi ina kazi mbili zenye haraka tofauti. Ya kwanza ni kumsaidia mnyama huyu aliyeko mbele yako, na hiyo hupimwa kwa dakika na saa. Ya pili ni kuwasaidia wanyama watakaofuata, na hiyo inaweza kusubiri hadi makala ichapishwe. Anayeandika mwisho wa wiki ameshaipoteza ile ya kwanza.

Ni wanyama gani wanaohesabiwa?

Inategemea sheria unayoifuata. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2010, yajulikanayo kwa namba 2010/63/EU, yanahusu wanyama wote wenye uti wa mgongo pamoja na pweza, ngisi na jamaa zao. Sheria ya Marekani ya Ustawi wa Wanyama ya 1966 inawaacha nje panya na ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, na tangu 2002 hilo limeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Ndiyo maana takwimu za Marekani zikisomwa bila tahadhari hutoa picha ndogo kuliko ukweli.

Kwa maabara za kwetu tunashauri mhesabu kila mnyama mwenye uti wa mgongo anayetumika kwa sababu ya sayansi, hata kama yeye si mada ya utafiti. Sungura wa kulishia mbu, simbilisi, na sungura anayefungwa mifuko ya kitambaa masikioni ili kupe wanyonye humo, wote wamo. Hao ndio husahaulika mara nyingi zaidi, kwa sababu kwenye vichwa vya watu utafiti ni wa mbu au wa kupe. Sungura huyo anatakiwa awe na fomu yake: alinyolewa sehemu gani, aliumwa na mbu wangapi kwa dakika ngapi, amepumzishwa siku ngapi, ngozi ikoje, uzito wake na kiwango cha chembe nyekundu za damu vikoje. Na kamati ikiona fomu hizo iulize swali la wazi: kwa nini mbu hawa hawalishwi kwa kifaa cha utando, ambapo hunyonya kupitia utando badala ya ngozi ya mnyama, kwa damu ya machinjioni?

Kuna tatizo gani kuandika “panya 40”?

Msomaji hajui ni yupi. Kiswahili cha kila siku kinamwita panya yule mdogo wa gramu 20 hadi 30 (*Mus musculus*), na kinamwita panya pia yule wa gramu 250 na zaidi (*Rattus norvegicus*). Tofauti ya uzito ni mara kumi au zaidi, na dozi hufuata uzito. Katika ukurasa huu “kipanya” ni yule mdogo na “panya” ni yule mkubwa. Kwenye fomu andika jina la kisayansi mara moja juu kabisa, kisha aina ya ukoo (kwa mfano BALB/c au C57BL/6), jinsia, umri kwa wiki, na mahali walikotoka.

Sheria gani inatubana?

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, ambayo pia iliunda Baraza la Ushauri la Ustawi wa Wanyama. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayotaka majaribio kwa wanyama yafanywe na mwenye leseni. Juu ya hapo kuna vibali vya utafiti vya tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, na kwa wanyamapori wa Tanzania kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Taasisi kubwa kama KEMRI (utafiti wa tiba) na ILRI (utafiti wa mifugo) zina kamati zao za matunzo na matumizi ya wanyama, na kwa mtafiti aliyeko huko kamati ndiyo mlango wa kwanza.

Nchi zote mbili ni wanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo kanuni zake za wanyama wa nchi kavu zina sura ya 7.8 kuhusu wanyama wa utafiti na elimu. Maabara ikipokea fedha za NIH (taasisi za taifa za afya) kutoka Marekani kwa kazi ya wanyama, lazima iwe na hati ya dhamana kwa taasisi za nje inayotolewa na OLAW, ofisi ya NIH ya ustawi wa wanyama wa maabara. Hati hiyo inaifunga taasisi kufuata kanuni za kimataifa za CIOMS (baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi ya tiba) na sheria za nchi yake. Muulize mkuu wa utawala wa utafiti kama hati ipo na lini inaisha. Mara nyingi mtafiti mwenyewe hajui.

Fomu ya kila siku iwe na nini?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa sababu taarifa nyingi huharibikia hapa.

Anza na utambulisho: namba ya itifaki (mpango wa jaribio uliopitishwa na kamati), chumba, kizimba, namba ya mnyama, tarehe. Kisha saa. Andika saa kwa mtindo wa tarakimu 24, yaani 08:10 au 20:10. Tunasisitiza hili kwa wazungumzaji wa Kiswahili kwa sababu “saa 2” kwa mmoja ni asubuhi, kwa mwingine ni usiku, na kwa mtafiti mgeni ni saa nane mchana. Dawa ya maumivu kama buprenofini inayotakiwa kurudiwa baada ya saa 8 ikiandikwa kwa saa zenye utata, mnyama hupewa mara mbili au hukaa nusu siku bila kitu.

Baada ya hapo ziko dalili. Fomu nzuri ina dalili sita au saba, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3: uzito, manyoya, mkao, upumuaji, mwendo, mwitikio anapoguswa, na hali ya kidonda kama amepasuliwa. Kila alama iwe na maelezo mafupi pembeni. “Manyoya 1” ni yamechakaa kidogo. “Manyoya 3” ni yamesimama mwili mzima na yamechafuka kwa sababu ameacha kujisafisha. Bila maelezo hayo, wahudumu wawili watampa mnyama mmoja alama mbili, na mstari wa grafu utapanda na kushuka kwa kufuata zamu badala ya kufuata ugonjwa.

Chini ya fomu andika nini kifanyike kwa kila jumla. Kwa mfano: 0 hadi 3, mwangalie mara moja kwa siku, 4 hadi 7, mwite daktari na mwangalie mara tatu, 8 na kuendelea, auawe bila mateso siku hiyo hiyo. Namba zenyewe zipangwe na daktari wa mifugo pamoja na mtafiti kabla jaribio halijaanza, kwa kufuata ugonjwa unaochunguzwa.

Lakini jumla pekee ina hatari. Kipanya anayehema kwa tabu anaweza kupata 3 kwenye upumuaji na 0 kwingine kote, na jumla ya 3 ikamwacha hadi kesho asubuhi. Kwa hiyo kila fomu iwe na orodha fupi ya dalili zinazotosha peke yake kusimamisha kazi: kuhema mdomo wazi, kushindwa kujigeuza anapolazwa ubavu, degedege lisilokoma, utumbo kutoka nje ya kidonda, kutokula wala kunywa kwa saa 24.

Sasa linganisha maandishi haya mawili ya asubuhi moja. La kwanza: “Kipanya mgonjwa, amepewa dawa.” La pili: “14/3, 08:10. Kizimba 7, namba 3, jike. Gramu 20.6; mwanzo 24.0; amepungua asilimia 14. Manyoya yamesimama, mgongo umepinda, macho nusu wazi, anatembea akisukumwa. Kidonda kikavu, nyuzi zote nne zipo. Daktari amepigiwa 08:15. Amepewa meloksikamu, dozi kwenye karatasi ya dawa. Chakula kilicholoweshwa kimewekwa sakafuni. Aangaliwe tena 12:00.” La pili huchukua dakika mbili, na anayepokea zamu saa sita mchana anajua afanye nini.

Fomu ijazwe kila siku, zikiwemo Jumapili, Idd, Krismasi na Pasaka. Ukitaka kujua ubora wa nyumba ya wanyama, fungua rekodi za tarehe 25 Desemba.

Nitajuaje kama kipanya ana maumivu? Hawalii.

Vipanya na panya ni wanyama wa kuwindwa, hivyo huficha udhaifu wakiona mtu. Simama mbali na kizimba kwa dakika kadhaa kabla ya kukifungua, uwatazame wakiwa hawajashtuka. Angalia uso. Kipimo cha uso wa kipanya kilichochapishwa 2010 kinatazama sehemu tano: macho kubana, pua kuvimba juu, mashavu kuvimba, masikio kurudi nyuma au kutengana, na masharubu kukaza nyuma au kusimama mbele. Kila sehemu hupewa 0, 1 au 2. Cha panya kilifuata 2011, nacho kina sehemu nne. Pua na mashavu ya panya hulala bapa anapoumia, wakati ya kipanya huvimba, kwa hiyo usitumie picha za mmoja kumpimia mwingine.

Usimpime mnyama aliyelala, anayejisafisha au ambaye bado ana nusukaputi mwilini. Macho yatakuwa yamebana kwa sababu nyingine, na utaripoti maumivu yasiyokuwepo.

Kitu kingine cha kutazama ni kiota. Mpe kipanya karatasi laini au pamba ya kutosha. Mzima hujenga kiota chenye kuta, anayeumwa huacha pamba ilivyo. Hakihitaji kifaa chochote na kinaonekana hata kizimba kikiwa kimefungwa.

Kikomo cha asilimia 20 kinafanyaje kazi?

Itifaki nyingi husema mnyama akipoteza asilimia 20 ya uzito, auawe bila mateso. Usiache hesabu hiyo ifanywe kichwani saa mbili usiku. Siku ya kwanza pima, zidisha kwa 0.8, kisha andika gramu zenyewe kwenye kadi ya kizimba: mwanzo 24.0, kikomo 19.2. Mhudumu atatazama mzani na kadi, basi.

Yanayokosewa ni haya. Wengine huhesabu kutoka uzito wa jana badala ya ule wa mwanzo, na mnyama anayepungua asilimia 4 kila siku haonekani kamwe kuwa na tatizo. Wengine hupima asubuhi siku moja na jioni siku nyingine. Vipanya hula usiku, hivyo asubuhi huwa wazito zaidi. Mnyama mchanga anayekua haonyeshi kupungua, anasimama tu, kwa hiyo mlinganishe na wenzake wa kundi la ulinganisho. Na mnyama mwenye uvimbe wa saratani au maji tumboni anaweza kubaki na gramu zilezile huku misuli ikiisha. Kwa huyo tumia alama za umbo la mwili, 1 hadi 5, kwa kupapasa uti wa mgongo na mifupa ya nyonga: 3 ni kawaida, 1 ni mifupa imetokeza na imefunikwa na ngozi tu. Akishuka chini ya 2, mzani usikudanganye.

Mnyama amekutwa amekufa. Nini kiandikwe?

Saa aliyokutwa, saa ya mwisho alipoonekana hai na alikuwa katika hali gani, nani aliyemwona, na fomu ya mwisho ilionyesha alama ngapi. Mzoga uingie kwenye mfuko wenye namba na uwekwe kwenye friji ya nyuzi 4, isiyo ya chakula, hadi uchunguzi ufanyike, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Usiugandishe. Barafu huvunja chembe za mwili na mtaalamu wa tishu hataona kitu. Ukikuta mzoga umeliwa na wenzake, andika hivyo, na uhesabu waliobaki mara mbili.

Kifo cha namna hii kina uzito wake katika takwimu. Chini ya kanuni za Ulaya, mnyama aliyekutwa amekufa huhesabiwa kuwa alipata mateso makali, ila pale ambapo kuna ushahidi wa kueleweka kwamba hakuteseka. Ni kanuni ya haki kabisa. Kama hakuna aliyekuwepo, hakuna wa kusema alikufa usingizini.

Umeme umekatika, au chupa ya maji imevuja. Hilo nalo ni la kuripoti?

Ndiyo, tena mapema. Vizimba vya kisasa vinavyopulizwa hewa kila kimoja hutegemea feni. Feni ikisimama, hewa chafu na amonia hujaa ndani ya kizimba kilichofungwa. Andika saa umeme ulipokatika, saa jenereta ilipowaka, joto la chumba kabla na baada, na nini kilifanyika katikati (vifuniko vilifunguliwa? wanyama walihamishwa?). Kiwango kinachokubalika kwa vipanya na panya ni nyuzi 20 hadi 26 na unyevu wa asilimia 30 hadi 70. Kipimajoto chenye kukumbuka joto la juu na la chini kabisa hugharimu kidogo na huokoa ubishi wote.

Chupa inayovuja hulowesha maranda, na kipanya wa gramu 25 aliyelala kwenye maranda mabichi usiku wa baridi hupoteza joto kwa kasi ya kutisha. Chupa iliyoziba ni kinyume chake: imejaa, inapendeza, na hakuna anayekunywa. Kwa hiyo fomu isiseme “maji yapo”. Iseme kiwango kimeshuka kiasi gani tangu jana. Kipanya mmoja hunywa mililita 3 hadi 5 kwa siku. Chupa ya vipanya watano isiyoshuka hata kidogo ni habari ya dharura.

Damu niliyotoa niiripotije?

Kwa mililita, mahali ilipotolewa, na idadi ya majaribio ya sindano, yakiwemo yaliyoshindwa. Kipanya ana damu ya karibu mililita 72 kwa kilo. Wa gramu 25 ana 1.8 tu. Asilimia 10 ni mililita 0.18, na baada ya hapo apumzishwe wiki mbili hadi tatu. Ukiona kwenye makala kwamba vipanya walitolewa mililita 0.5 kila wiki na wakabaki hai, uliza.

Njia ya kuua iandikwe kwa kina gani?

Kwa kina cha kuweza kurudiwa. “Waliuawa kwa kabonidayoksaidi” haitoshi. Andika ukubwa wa chombo na kasi ya gesi. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Mifugo wa Marekani wa 2020 unataka gesi ijaze asilimia 30 hadi 70 ya chombo kwa dakika. Chombo cha sentimita 30 kwa 25 kwa 20 ni lita 15. Kasi iwe kati ya lita 4.5 na 10.5 kwa dakika, kutoka mtungi wenye kipima mtiririko. Chombo kisijazwe gesi kabla mnyama hajaingia, maana mkusanyiko mkubwa huchoma pua na macho akiwa bado ana fahamu. Barafu kavu haikubaliki. Watoto wachanga huchukua muda mrefu zaidi kufa kwa gesi hii, na kuna waliozinduka kwenye mfuko wa taka. Ndiyo sababu fomu inauliza njia ya pili ya kuthibitisha kifo, kwa mfano kutenganisha shingo.

Tunatega panya porini. Fomu hizi zinatuhusu?

Zinawahusu, na zinahitaji safu mbili za ziada: mitego mingapi kwa usiku mingapi, na wangapi walikutwa wamekufa mtegoni. Mtego wa Sherman wa bati la alumini hupoa haraka. Milima ya Usambara, kama kule Lushoto ambako panya wamefuatiliwa kwa sababu ya tauni, usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli. Panya mdogo aliyeingia saa tatu usiku anaweza kufa kabla ya alfajiri. Weka nyasi kavu au pamba ndani, na chambo cha kutosha kula hadi asubuhi. Siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi inafaa. Angalia mitego mapema kabla jua halijawaka bati. Vifo vikizidi ulivyotarajia kwenye itifaki, simamisha na uiarifu kamati siku hiyo hiyo, usisubiri msimu uishe.

Wanyama walionaswa bila kukusudiwa, kama virukanjia, nao wahesabiwe.

“Ukali halisi” ni nini?

Kabla ya kuanza, mtafiti hukadiria mateso: Ulaya ina madaraja manne, yaani wasioamka kutoka nusukaputi, hafifu, wastani na makali. Baada ya kumaliza, kila mnyama hupewa daraja la yaliyompata kweli. Uingereza imekuwa ikitoa takwimu za ukali halisi tangu 2014. Daraja huchaguliwa kwa kile kiwango cha juu kabisa mnyama alichopitia, si hali yake siku ya mwisho wala wastani wa siku zote. Marekani ina mfumo wake wa safu B hadi E katika taarifa ya mwaka inayotakiwa kufika kabla au ifikapo tarehe 1 Desemba. Safu E ni maumivu yasiyotulizwa, na lazima yaambatane na maelezo ya sababu.

Hata kama sheria yako haitaki hili, fanyeni. Kamati ikiweka makadirio na ukali halisi bega kwa bega, itaona ni nani hukadiria chini kila mwaka.

Kwenye makala niandike nini?

Fuata ARRIVE, mwongozo wa kuripoti utafiti wa wanyama uliotolewa na NC3Rs, taasisi ya Uingereza ya kupunguza na kubadilisha matumizi ya wanyama katika utafiti, 2010 na kufanyiwa marekebisho 2020. Una vipengele 10 vya lazima na 11 vya kuongezea. Vya lazima vinahusu mpango wa jaribio, idadi ya wanyama, vigezo vya kuwaingiza na kuwaondoa, mgawanyo wa kubahatisha, kumficha mpimaji asijue kundi, na mengine ya aina hiyo. Ustawi wenyewe umekaa zaidi kwenye vya kuongezea: idhini ya kamati, makazi na matunzo, na ufuatiliaji. Tunasikitika kwamba watu husoma “vya kuongezea” kama “vya kuacha”. Andika dawa ya maumivu na dozi yake, mara ngapi wanyama waliangaliwa, kikomo kilikuwa nini, wangapi walikifikia, na madhara yasiyotarajiwa.

Hesabu lazima ifunge. Wakianza 40 na jedwali likionyesha 36, wanne wale waelezwe mmoja mmoja. Andika pia namna mlivyowashika: utafiti wa 2010 ulionyesha vipanya wanaoshikwa mkia huwa na hofu zaidi kuliko wanaobebwa kwa bomba au viganja, na hofu hubadilisha matokeo ya tabia.

Nimeona mnyama anateseka na mtafiti ananiambia nisiandike. Nifanye nini?

Kwanza mnyama. Mpigie daktari wa mifugo wa nyumba hiyo sasa hivi. Ana mamlaka ya kutibu au kusimamisha bila kusubiri kikao. Pili, andika ulichokiona kwa tarehe, saa, namba ya kizimba na maneno yaliyosemwa, bila kuweka nia ya mtu. “Hakumpa dawa ya 20:00, chupa ipo kabatini, haijafunguliwa” ina nguvu kuliko “ni mkatili.” Tatu, peleka kwa mwenyekiti wa kamati kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Kisipofanyika kitu, nenda nje: kwa Tanzania, mamlaka ya mifugo inayosimamia Sheria ya 2008, kwa Kenya, idara ya huduma za mifugo, polisi, au KSPCA, shirika la kutetea wanyama.

Usifute wala kubadilisha rekodi ya mtu mwingine, hata kama unajua ni ya uongo. Ongeza yako pembeni, weka sahihi. Ukiwa msaidizi wa chini, nenda na mwenzako aliyeona. Kanuni za Marekani zinakataza kabisa kumwadhibu mfanyakazi aliyeripoti. Kama taasisi yako inafanya kazi kwa fedha za nje, muulize mwenyekiti ni kanuni ipi inakulinda, na umuulize kabla hujahitaji.

Kwa wajumbe wa kamati: sanduku la maoni lililowekwa mlangoni pa ofisi ya mtafiti mkuu halitapokea barua hata moja. Liweke mahali wahudumu wanapobadilishia nguo, na namba ya simu ya daktari ibandikwe ndani ya kila chumba cha wanyama kwa Kiswahili.

Rekodi zikae muda gani?

Marekani inataka angalau miaka 3 baada ya kazi kuisha. Umoja wa Ulaya unataka kumbukumbu za wanyama zikae angalau miaka 5. Chukua mrefu zaidi kati ya unaokuhusu. Karatasi ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji, kwa sababu vyumba hivi huoshwa kila siku. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kilicho chini kisomeke, andika kilicho sahihi, tia sahihi na tarehe. Piga picha ya kila ukurasa kila Ijumaa na uihifadhi nje ya jengo.